Anajua darasani, anasahau kwenye chumba cha mtihani

Swali

Habari za kazi. Naomba mnisaidie kuhusu binti yangu wa miaka 17, yuko kidato cha nne shule ya kutwa hapa Morogoro. Darasani anajibu vizuri, na nyumbani huwa namsikia akimfundisha mdogo wake wa kidato cha pili mpaka anaelewa. Kwenye moko mwezi uliopita alipata daraja la nne. Anasema karatasi ilipofunguliwa viganja vililowa jasho, moyo ukaanza kwenda mbio, tumbo likamkata na kila alichosoma kikafutika. Kilichonishangaza, alipofika kituo cha bodaboda, kama dakika 40 baada ya kutoka, majibu yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Alilia mpaka nyumbani.

Tumejitahidi. Simu nimemnyang'anya. Tuisheni ya Hesabu na Kemia nimemwongezea jioni. Sasa analala saa 7 usiku, saa 10 na nusu alfajiri yuko macho anasoma, na siku nyingine anakunywa enajii ili asisinzie. Shuleni kila alama inayopungua ni fimbo. Baba yake alimwambia kwamba tumeuza kiwanja ili yeye asome. Asubuhi ya kila mtihani nilikaa naye, nikamwombea na kumtia moyo, lakini haikusaidia kitu.

Bibi yake anasema kuna mkono wa mtu. Jirani anayeuza kwenye duka la dawa amesema msongo wa mawazo unaua seli za ubongo, nikampime kipimo cha umeme wa ubongo na nimnunulie vidonge vya kuongeza kumbukumbu. Kweli ubongo wake umeharibika? Nifanye nini kabla ya Novemba? Au nimwache afanye mwakani?

Mama R., Morogoro

Jibu

Mama R., ubongo wa binti yako haujaharibika, na ushahidi umo kwenye barua yako: majibu yalimrudia kituoni. Kilichokufa hakifufuki kwa dakika 40. Alichosoma kimo kichwani. Kinachokwama ni kukitoa wakati mwili wake uko kwenye hali ya hatari, na karibu kila mlichokifanya nyumbani tangu moko, kwa nia njema kabisa, kimeiongeza hali hiyo.

Inakwenda hivi. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu kidogo kiitwacho amigdala ambacho hupima kama kilicho mbele ni hatari. Kwa binti ambaye nyuma ya karatasi anaiona fimbo na kiwanja kilichouzwa, jibu ni ndiyo. Hapo mambo mawili hufuatana. La kwanza huchukua sekunde tu: adrenalini na noradrenalini, homoni za kuushtua mwili, humwagika, moyo hukimbia, viganja hulowa, damu hupungua tumboni, na tumbo hukata. La pili huja polepole. Haipothalamasi, kisehemu kingine cha ndani ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziagiza tezi zilizokaa juu ya figo zitoe homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza.

Homoni hizi zikiwa za kiasi humsaidia mwanafunzi, maana bila hizo angesinzia juu ya karatasi. Zikizidi, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hupunguza kazi. Hiyo ndiyo inayoshikilia hatua za hesabu kwa wakati mmoja na kupanga jibu. Tena binti yako anajibu kwa Kiingereza, na kutafuta neno la Kiingereza kunatumia nguvu ya sehemu hiyohiyo. Hipokampasi, ambayo ina kazi kubwa ya kuhifadhi na kuitoa kumbukumbu, nayo huvurugika. Kuna jaribio lililobuniwa Montreal, Kanada, ambamo mtu hulazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, akapewa hesabu za haraka, huku kompyuta ikibana muda makusudi ili azidi kukosea. Kwa wale ambao kotisoli ilipanda, shughuli ya hipokampasi ilionekana kushuka wakati huohuo.

Umri wake nao una sehemu yake. Sehemu ya mbele, ambayo ndiyo inayoituliza amigdala, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, wakati mfumo wa kushtuka unafanya kazi kwa nguvu zote tangu balehe.

Sasa tazama saa. Wanafunzi wetu wengi hufika mlangoni mwa chumba cha mtihani nusu saa kabla, wakaanza kuulizana maswali: "Hiyo topiki umesoma? Mimi hata sijaigusa!" Mshtuko unaanzia pale. Kotisoli ikifika kileleni, msimamizi ndiyo kwanza anagawa karatasi. Baada ya mtihani hatari imekwisha, homoni zinashuka, na kwenye kituo cha bodaboda majibu yanatoka yenyewe.

Kuhusu seli kufa, mwambie jirani yako habari ya utafiti uliochapishwa 2009 kutoka New York. Wanafunzi wa udaktari waliokuwa katika mwezi wa maandalizi ya mtihani mkubwa walipimwa kwa MRI. Uwezo wao wa kuhamisha umakini kutoka jambo moja kwenda jingine ulikuwa umepungua, na mawasiliano ya sehemu ya mbele na sehemu nyingine za ubongo yalikuwa yamelegea. Walipimwa tena baada ya mwezi mmoja wa kupumzika, na hali ilikuwa imerudi sawa. Ukatili au njaa ya miaka mingi kwa mtoto ni suala jingine, lenye madhara mazito zaidi. Msongo wa mtihani ukiupunguza, ubongo wa kijana hurudi.

Anza na usingizi, kwa sababu bila huo mengine yote yatakwenda nusu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila siku. Wako analala tatu na nusu. Usiku ndipo ubongo unapoimarisha alichosoma mchana, na amigdala ya mtu asiyelala hushtuka kwa jambo dogo. Usimwamuru alale saa 3 kuanzia leo, atagaagaa kitandani mpaka saa 6 aanze kuogopa na usingizi pia. Saa ya mwili ya kijana huchelewa. Homoni inayoleta usingizi humjia usiku zaidi kuliko ilivyokuwa akiwa mdogo. Rudisha nyuma nusu saa kila baada ya siku tatu: kutoka saa 7 kwenda 6 na nusu, kisha 6, mpaka ifike saa 3 na nusu. Itachukua wiki tatu. Kuamka, kuanzia kesho iwe saa 11 na nusu alfajiri, siku zote, Jumapili pia. Taa kubwa izimwe nusu saa kabla ya kulala.

Enajii iishe. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80, na baada ya saa tano nusu yake bado imo mwilini. Kafeini pia hukimbiza moyo na kutetemesha mikono, dalili zilezile ambazo binti yako ameshazizoea kuwa ni ishara ya kufeli. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa 8 mchana.

Tuisheni, punguza. Tunajua hili ni gumu kumeza. Bakiza somo moja, lile ambalo hajalielewa kabisa, siku mbili kwa wiki. Saa zilizobaki zinahitajika kwa kazi nyingine: kujiuliza badala ya kusoma tena. Wanafunzi wengi husoma daftari mara tano, wakapiga mistari ya rangi, wakaona kila kitu wanakijua. Wanakijua kwa macho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliochapishwa 2016, uliwagawa watu makundi mawili: waliosoma kwa kurudia na waliosoma kwa kujikumbusha bila kuangalia. Walipotiwa msongo, waliorudia kusoma kumbukumbu yao ilishuka, waliojikumbusha haikushuka. Kwa tatizo la binti yako, hakuna kitu kingine cha kusomea tutakachokisisitiza zaidi ya hiki.

Afanye hivi. Asome kurasa tatu au nne, dakika 20. Afunge daftari. Achukue karatasi tupu aandike yote anayoyakumbuka, pamoja na michoro na fomula, dakika 15 bila kuchungulia. Ndipo afungue, na kwa kalamu nyekundu ajaze alichosahau. Karatasi ile aiweke. Kesho yake aanze na karatasi tupu juu ya mada ileile, kisha siku ya tatu, kisha ya saba. Mara ya kwanza ataandika robo ukurasa na kukata tamaa. Mtahadharishe mapema: kule kuhangaika kulitafuta jambo ndiyo kazi yenyewe. Kosa la kawaida ni kufungua daftari baada ya sekunde kumi za kukwama. Angoje walau dakika moja. Kumfundisha mdogo wake ni njia hiyohiyo kwa mdomo, kwa hiyo usimzuie ukidhani anapoteza muda.

Kisha aizoee hofu yenyewe, kwa ngazi. Tumieni mitihani ya miaka iliyopita ya Baraza la Mitihani, inapatikana kwa urahisi. Kabla ya kila zoezi aseme hofu yake ni ngapi kutoka 0 hadi 10, aandike pembeni ya karatasi. Aanze na maswali mawili ya somo analolipenda, mezani nyumbani, bila saa. Halafu maswali mawili kwa saa inayoonekana. Halafu nusu ya karatasi. Halafu karatasi nzima, kwa muda wa saa tatu kamili, Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi, amevaa sare, chupa ya maji na kalamu mbili juu ya meza, hakuna kunyanyuka. Ngazi ya juu kabisa ifanyike shuleni, darasa tupu, mwalimu akipitapita nyuma yake, kwa sababu zile hatua za viatu nyuma ya mgongo zinawashtua wengi kuliko swali lenyewe.

Asipande ngazi mpaka hofu ishuke kufikia 4 au chini, mara mbili mfululizo. Na asiache zoezi hofu ikiwa kileleni. Akitupa kalamu kwenye 9 akakimbilia chumbani, atapata nafuu palepale, na ubongo wake utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho yake 9 itakuwa 10. Abaki kitini hata kama haandiki, dakika 10 au 15, mpaka namba ishuke yenyewe. Hushuka. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwakani pia: kumtoa sasa ni kukimbia kwa mwaka mzima, na mwakani atarudi na hofu iliyokua. Afanye mwaka huu.

Kupumua nako kunahitaji mazoezi, maana wengi hupumua vibaya. Akiambiwa "vuta pumzi" mtu huvuta nyingi na haraka, hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inapungua kwenye damu, anapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, na hofu inapanda. Cha kurefusha ni kutoa. Avute kwa pua akihesabu 4, atoe taratibu akihesabu 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika tano kila jioni kwa wiki mbili akiwa ametulia. Akiijaribu kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, haitamsaidia.

Asubuhi ya mtihani, ale. Uji na yai, au viazi na chai ya maziwa, saa moja na nusu kabla. Afike shuleni kwa wakati lakini akae mbali na kundi la mlangoni. Akasimame chini ya mti na rafiki mmoja waliyekubaliana kutozungumzia masomo. Nusu saa hiyo achukue karatasi chakavu aandike hofu zake kwa dakika 10, chochote kinachomtisha, bila kujali herufi, kisha aichane na kuitupa kabla ya kuingia. Inaonekana kama mchezo, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu ya mitihani walioandika hivyo walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Hofu iliyoko karatasini haiendelei kuzunguka kichwani na kuchukua nafasi ya hesabu. Moyo ukianza kukimbia, ajiambie ni mwili unajiandaa, maana ni kweli.

Akiwa ndani, apitie karatasi yote dakika tano, aweke alama kwenye maswali anayoyajua, aanze na hayo hata kama ni namba 9. Akili ikifutika katikati: kalamu chini, miguu yote sakafuni, pumzi 6, ambayo ni dakika moja tu kati ya 180. Kisha aandike kwa penseli neno lolote linalohusiana na swali, hata moja, kwani neno moja huvuta jingine. Dakika tatu zikipita bila kitu, aruke, atarudi.

Sasa wewe na baba yake. Umeshangaa kwa nini kumtia moyo asubuhi hakukusaidia. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Minnesota kilichapisha utafiti ambao watoto na vijana waliandaa hotuba ya kutoa mbele ya watu, wengine wakiwa na mzazi, wengine na mtu wasiyemjua. Kwa watoto wa miaka 9 na 10, kuwepo kwa mzazi kulizuia kotisoli isipande. Kwa wa miaka 15 na 16 hakukuleta tofauti. Si kwamba hakupendi, Mama R., wala dua zako si bure. Umri huo, mzazi hatulizi mwili kama zamani. Nguvu yako iko miezi kabla: usingizi, chakula, utulivu wa nyumba. Maneno ya kiwanja yasitajwe tena, na ni vizuri baba yake amwambie kwa mdomo wake kwamba alikiuza kwa uamuzi wake na halipwi kwa daraja. Akirudi kutoka kwenye mtihani, msiulize "umefanyaje?" Mpeni chakula, aulizwe kama atalala kidogo.

Wenzake ndio watakaosaidia sasa. Nchini Kenya, mradi wa Shamiri umefanya vikao vinne vya saa moja moja katika shule za sekondari, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni tu, na jaribio lao lililochapishwa 2021 lilionyesha dalili za wasiwasi na huzuni kupungua zaidi kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma tu. Kwa binti yako, kundi la wasichana watatu au wanne linaloulizana maswali Jumatano alasiri linatosha, akiwemo mmoja aliyemaliza mwaka jana kama yupo jirani.

Shuleni nenda mwenyewe, usipeleke barua. Muone mwalimu wa darasa peke yake, siyo mbele ya ofisi nzima. Usianze na lawama. Sema: "Mwalimu, anajua lakini anafutika kwenye mtihani. Naomba kwa miezi hii asipigwe kwa alama, na naomba darasa tupu Jumamosi." Mwalimu anayepiga kwa alama anaamini anaongeza juhudi, mweleze kwamba kwa mtoto anayefutika anaongeza hofu ileile inayomfuta. Akikataa, mwone mkuu wa shule.

Kipimo cha umeme wa ubongo hakina kazi hapa. Ni cha kutafuta kifafa na matatizo mengine ya neva. Hofu ya mtihani haionekani kwenye kipimo hicho. Kingefaa kama angekuwa anaganda na kukodoa macho sekunde kadhaa, hata katikati ya mazungumzo, bila kusikia akiitwa. Vidonge vya kumbukumbu, hifadhi pesa yako. Cha kupima ni wingi wa damu: kwa msichana wa umri wake, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na upungufu wa damu huleta uchovu na kukosa umakini. Macho yapimwe pia. Bibi yake usigombane naye. Kama ni dua, afanye, mradi asipewe dawa za kunywa wala kutishwa kwamba yuko mtu anayemwinda.

Mfuatilie kwa jicho lingine pia. Akikaa wiki mbili mfululizo na huzuni, akikataa chakula, akishindwa kulala hata akipewa nafasi, akijikata, au akisema afadhali asingekuwepo, usingoje Novemba. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure.

Na kama ifikapo katikati ya Oktoba bado anataja 7 au 8 kwenye nusu karatasi, ngazi zimemshinda kuzipanda akiwa na familia tu. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, na beba zile karatasi za mazoezi zenye namba pembeni. Mtaalamu atazihitaji kuliko maelezo yoyote ya mdomo.